Star Wars ya mwisho: mtu alikufa 1983, karudije 2019?

Mgeni wa Sinema: Wakuu, mimi si shabiki wa kufa, nimeona chache tu. Jana nimeangalia The Rise of Skywalker, ile ya 2019, nimeishia kukasirika. Palpatine, yule mtawala mwovu, alitupwa shimoni na mtumishi wake Darth Vader kwenye ile ya 1983, leo yuko hai, na maelezo ni Poe, rubani wa upande wa wema, kusema eti kwa namna fulani amerudi. Basi! Mwanzoni tunaandikiwa kwamba tangazo lake limesikika galaksi nzima, sisi tuliotoa hela zetu hatulisikii. Ni haki hiyo?

Fundi Saa: Umeona chache halafu unahukumu, kudandia treni kwa mbele huko. Kylo Ren, yule adui kijana, anapita kwenye matangi yenye miili ya Snoke, bosi wake wa zamani, ulikuwa unaangalia simu? Na kloni, yaani nakala za kiumbe za kutengenezwa, zimetajwa.

Mgeni wa Sinema: Simu ilikuwa chaji mzee. Matangi nimeyaona, ni sekunde chache, na aliyemo ni Snoke si Palpatine.

Dada wa Tanga: Hilo tangazo lilipigwa kwenye gemu ya Fortnite siku chache kabla filamu haijatoka, mdogo wangu ndo kaniambia. Yani asiyecheza gemu imekula kwake!!

Otis wa Lakeside: Hiyo tisa, kumi ni Lupita wetu. Mshindi wa Oscar mnamficha ndani ya Maz Kanata, kale kabibi ka miwani, tunapewa sauti tu na mistari ya kuhesabu. Hiyo ni dharau.

Fundi Saa: Lupita wenu kazaliwa Mexico.

Otis wa Lakeside: Buda, babake ni Anyang' Nyong'o, gavana wa Kisumu, familia ilikuwa uhamishoni kwa sababu ya siasa za wakati wa Moi. Wacha kuongea vitu hujui.

Mama Salma: Jamani, sauti nayo ni kazi. Darth Vader mwenyewe ni sauti ya James Earl Jones na hatujamsahau mpaka leo. Na Maz ndiye anayempa Chewbacca, yule wa manyoya, medali, ile aliyonyimwa tangu 1977, mie hapo machozi yalinitoka.

Otis wa Lakeside: Mama, sawa, lakini angalia John Boyega pia, yule anayeigiza Finn. 2015 yuko kwenye posta ameshika upanga wa mwanga, kila mtu akajua huyu ndiye shujaa mkuu. Mwaka 2020 akaongea na jarida la GQ, akawaambia Disney, wenye Star Wars, wasimuuze mtu mweusi kama mhusika mkubwa kisha wamsukume kando. Si mimi nasema, ni yeye.

Mgeni wa Sinema: Hapo umenigusa. Wanazama mchangani, Finn anaanza kumwambia Rey, yule shujaa wa kike, kuna jambo hajawahi kumwambia, nikakaa nalisubiri hilo jambo mpaka majina yakaanza kupanda. Hajasema!

Fundi Saa: Alitaka kusema na yeye anaihisi Nguvu, ile ya ajabu wanayotumia wenye panga za mwanga, mwongozaji Abrams alilieleza baadaye.

Mgeni wa Sinema: Baadaye wapi? Kwenye filamu au Fortnite tena?

Dada wa Tanga: Nje ya filamu. Kila kitu chao kiko nje ya filamu.

Fundi Saa: Otis, bado kazaliwa Mexico.

Otis wa Lakeside: Na wewe bado hujajibu mambo ya Boyega.