Chunusi zile za majipu: waliopona, tupeane uzoefu

Mshubiri: Wakuu, sisemi vipele vya balehe. Nasema zile unalalia shavu, asubuhi foronya ina damu na usaha. Leo kwenye daladala nimemwona binti kajifunika mtandio hadi puani na joto hili la Dar, nikajiona mimi kabisa. Aliyepona, alitumia nini?

Dogo Tandika: Mimi kofia, hadi msibani.

Mama Wawili: Zaa tu, zinaisha.

Binti Pangani: Nina watatu na zipo palepale.

Kibosho Juu: Ndimu, dawa ya meno, liwa ya bibi, vyote vilipita usoni kwangu. Zahanati wakanipa antibiotiki ya doksisaiklini, zikatulia, dozi ilipoisha zikarudi na hasira. Jirani akaniletea krimu ya tyubu, uso ukawa laini kama wa mtoto mchanga. Kumbe ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe! Tyubu ilipokwisha uso uliwaka moto, ngozi nyembamba, mishipa inaonekana. Nikaishia hospitali ya KCMC Moshi, pale kituo cha ngozi. Daktari wala hakuniuliza sabuni. Akapima damu, ini na mafuta, ndipo akaandika vidonge vya chunusi sugu, isotretinoini, nimeze na chakula chenye mafuta. Mwanzoni zilizidi, nusura niitupe. Midomo ilipasuka nikawa nacheka kwa mahesabu. Makovu yapo, majipu hakuna.

Dogo Tandika: Hiyo inakula ini. Acha karanga, kunywa maji.

Dawa Baridi: Karanga zimekukosea nini? Ini ndilo linapimwa hapo. Ila isichanganywe na doksi, presha hupanda ndani ya fuvu.

Sista wa Kona: Mimi niko kwenye hizohizo isotretinoini. Juzi nahesabu pakiti, hazifiki. Mdogo wangu alikuwa anadokoa, naye ana vichunusi vitatu tu! Jana katapika, kapima, ana mimba.

Dogo Tandika: Weee! Ikawaje?

Dawa Baridi: Aache leo leo aende kliniki. Dawa hiyo huweza kuharibu ubongo, moyo na masikio ya mtoto tumboni. Ndiyo maana mwanamke hupimwa mimba kabla, hupewa uzazi wa mpango, na hungoja mwezi mzima baada ya kuacha ndipo abebe mimba. Wala usichangie damu ukiwa kwenye dozi.

Mama Wawili: Mabinti wa siku hizi, hadi dawa za watu!

Binti Pangani: Mama, mwenzio ana mtihani unamsimanga?

Mama Wawili: Nimesema uongo?

Sista wa Kona: Tupo foleni ya ultrasaundi, pakiti ninayo mkononi. Simu inaisha chaji.

Dogo Tandika: Dada usituache hewani.

Mshubiri: Mungu awatangulie. Samahani kuwakatisha, hii dawa ya kupaka chunusi nimepewa, benzoili peroksaidi, inanibabua rangi za taulo. Ni feki?

Dawa Baridi: Siyo feki. Nunua taulo nyeupe, na foronya pia.