Wauza gundi wa Mombasa, hii thina mwatutilia ya nini???

Jamani leo nasema maana nshachoka. Sisi watengenezaji wa vikaragosi vya sponji, wale wanasesere wa kutia mkono ndani na kuwasemesha, hapa Mombasa twaibiwa mchana kweupe na hakuna alisemaye. Unaenda hadiwea unaitisha gundi ya kontakti, ile ya manjano ya mafundi viatu, unatolewa chupa ya soda imejazwa nusu, haina lebo, haina tarehe, bei ni ileile ya mkebe. Ukiifungua yamwagika kama maji. Washatia thina hao, ile ya kuzimulia rangi, kama muuza maziwa anavyotia maji!

Kikaragosi changu kimefunguka mdomo mbele ya watoto wa chekechea, taya la chini likaning'inia kwa kitambaa tu. Nimelikagua nyumbani, upande mmoja una utando mwembamba unaong'aa, upande wa pili sponji kavu kabisa, hata alama hakuna. Gundi nzuri haiachani hivyo. Gundi nzuri ukivuta, sponji ndiyo inachanika na pale ulipogandisha pamekaa. Hii iliyochanganywa, sponji ina vitundu, yainywa yote ndani na juu hakubaki kitu, hata upake mara ngapi.

Nimerudi dukani naambiwa eti ni joto la Mombasa. Joto gani? Mafundi makochi wa hapahapa wagandisha sponji kwa gundi hiyohiyo kila siku, watu wakalia hayo makochi miaka na hayabanduki, kwa sababu wao wanunua mkebe mkubwa uliofungwa. Joto si shida, kwa hali ya hewa shida ni unyevu, hasa masika, thina iliyomo kwenye gundi yenyewe ikiruka hewani inaipoza, basi hewa inaacha umande juu yake, waona yafanya ukungu mweupe na ukibana haishiki, na hilo dawa yake ni kungoja jua litoke au usogee penye hewa kavu. Kila fundi ajua unapaka pande zote mbili, unangoja mpaka ukigusa kidole hakitoki na gundi, ndio unabana kwa nguvu, na ukibana umebana hakuna kusogeza. Nafanya hivyo siku zote. Usinifundishe kazi yangu wewe unayenichanganyia chupa nyuma ya kaunta.

Halafu kuna hawa wa kukwambia "chukua supaglu". Supaglu hukauka ikawa ngumu, na mdomo wa kikaragosi wakunjwa maonyesho mazima, itavunjika palepale. Gundi ya bunduki, ile vijiti vya kuyeyushwa kwa moto, nayo yaacha mabonge unayoyahisi kwa vidole ndani ya kichwa, na ukikiacha kikaragosi ndani ya gari juani yalainika. Hizo ni za kubandikia macho na vifungo, si za kushikanisha kichwa.

Linaloniuma zaidi ni hiyo lebo. Nyingi ya gundi hizi zina tolueni, kemikali ya kuyeyushia, ndiyo hiyo chokoraa wanavuta mpaka akili zinaharibika, na mimi nafanya kazi na vijana chumba kimoja. Nina haki ya kujua nawavutisha nini! Marekani watengenezaji wengi wa vikaragosi watumia gundi ya kontakti iitwayo Barge na wenye kampuni washatoa aina isiyo na tolueni. Ziko pia za maji, unazipaka nyeupe kama tui, zikigeuka kuwa angavu ndio tayari, zachelewa kukauka lakini hazikuumizi kichwa. Ukiziuliza huku wakuangalia kama umeitisha dhahabu, "hiyo haina wateja". Mteja si ndiye huyu amesimama mbele yako??

Sitaki kupunguziwa bei. Nataka mkebe uliofungwa, wenye lebo, na ukinipimia nipimie mbele ya macho yangu. Duka lililoniuzia sitalitaja, lakini mwenye kujua linalouza mikebe midogo iliyofungwa, iwe Kongowea, Makupa au ng'ambo Likoni, aliandike hapa chini. Na kama kuna mafundi wenzangu wako tayari kuchanga tununue mkebe mkubwa tugawane wenyewe, mimi niko, semeni tu.