Chupa ya Porto ya mwaka 1963 na koleo la moto: naomba ushauri kabla ya siku yenyewe

Mhudumu wa Masaki

Ndugu zangu, salaam. Ninahudumu upande wa vinywaji katika mgahawa mmoja wa Masaki, na nimekabidhiwa kazi ambayo sitaki kuiendea kwa kubahatisha. Mteja wetu wa siku nyingi, mzee wa Upanga ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Goa, anataka chupa ya Porto, yaani mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, iliyoachwa na marehemu baba yake ifunguliwe mbele ya watoto na wajukuu atakapotimiza miaka 80. Kwa maelezo yake ni mvinyo wa mavuno ya mwaka 1963, ingawa lebo imeliwa na unyevu na haisomeki tena. Kofia ya chupa imepasuka, sehemu ya juu ya kizibo imeanza kumeguka, na mvinyo umeshuka hadi mwisho wa shingo.

Nimesoma kwamba chupa za namna hii hufunguliwa kwa koleo lililopashwa moto, ambalo hubana shingo mpaka kioo kishike joto, kisha kitambaa chenye maji baridi hupitishwa mahali palepale na shingo hukatika pamoja na kizibo chake. Ninachotaka kujua ni kwa nini kioo kikatike kwenye mstari badala ya kusambaratika, ni wapi hapa Dar es Salaam nitapata koleo la aina hiyo, na je, kwa chupa ambayo haina mbadala, njia hii ni salama kuliko kizibuo?

Mama wa Kinondoni

Mwanangu, umefanya vema kuuliza mapema. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ghala la mvinyo huko Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mto Douro ukitazamana na mji wa Porto, na koleo hilo nimelishika kwa mikono yangu. Wengi huliona kuwa onyesho la kufurahisha wageni, ilhali lipo kwa sababu ya shida ya kweli.

Mvinyo wa Porto huongezwa pombe kali ya zabibu, yenye nguvu ya asilimia 77, wakati bado unachachuka, ili uchachukaji ukome na sukari ya zabibu ibaki. Ndiyo maana huwa mtamu na bado hufikia asilimia 19 hadi 22 za kileo. Ule wa mavuno bora ya mwaka mmoja hukaa kwenye pipa kwa muda wa miaka miwili hivi tu, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa, na humo ndimo unamokomaa kwa miongo mingi. Kizibo chake ni gome la mwaloni. Gome hilo likikaa miaka 60, upande mmoja likiwa limelowa na upande mwingine limekauka, hupoteza mnyumbuko. Ukilichoma kwa kizibuo cha kawaida, skrubu hutoka na unga na kizibo hubaki kilipo. Isitoshe, chupa nyingi za zamani za mvinyo huu zina shingo iliyovimba kidogo katikati, na kizibo huwa kimetanuka kuujaza uvimbe huo, kwa hiyo hata kizibo kilicho kizima hakipiti mdomoni bila kukatika vipande.

Simamisha chupa wima siku moja au mbili kabla, ili mashapo yote yatue chini. Iondoe kofia yote, usiache hata kipande, kwa kuwa kofia za wakati ule mara nyingi zilitengenezwa kwa risasi, madini ambayo hayafai kukaribia moto wala mvinyo. Kama kuna nta, ikwangue. Kisha futa shingo kwa kitambaa chenye maji, uikaushe kabisa, na uipapase polepole kwa kidole. Ukikuta ufa au mahali palipobanduka, achana na koleo.

Mwalimu wa Fizikia, Temeke

Nitajibu lile swali la kwanza, kwa sababu anayeelewa jinsi kioo kinavyokatika hatafanya kazi hii kwa papara.

Kioo cha chupa hupitisha joto polepole, na hutanuka kinapopashwa. Koleo likibana shingo, ukanda mwembamba wa kioo hushika moto huku kioo cha juu yake na chini yake kikibaki na ubaridi. Maji baridi yakigusa ukanda huo, tabaka la nje hutaka kusinyaa papo hapo, lakini kioo cha ndani yake kingali cha moto na hakiliruhusu, kwa hiyo tabaka hilo huwa linavutwa. Kioo huhimili sana kugandamizwa lakini ni dhaifu kinapovutwa. Ufa huanzia kwenye mkwaruzo wowote mdogo uliopo juu ya ukanda, halafu hukimbia kuuzunguka, kwa maana nguvu ya kuvuta iko huko na si kwingineko.

Kutokana na hayo mtaona kwamba jambo kubwa ni joto kuwa sawa pande zote. Koleo lisilogusa shingo kote huacha pengo la kioo baridi, na ufa ukifika hapo hupoteza njia, na unaweza kuteremka hadi begani mwa chupa. Ndiyo sababu napinga kabisa ushauri wa kutumia koleo la fundi bomba au kipande chochote cha chuma kilichopo karibu. Ninasisitiza pia kwamba njia hii isijaribiwe kwa shampeni wala kwa mvinyo wowote wenye gesi. Ndani ya chupa ya shampeni kuna mgandamizo wa takriban angahewa 6, na kuipasua kwa moto ni kujitafutia majeraha.

Fundi wa Gerezani

Habari zenu. Sinywi mvinyo, lakini chuma ndiyo kazi yangu, na koleo hili si gumu kulifua.

Pima kipenyo cha shingo kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, mahali hasa utakapobana, usikisie kwa macho. Kwenye chupa nyingi za mvinyo za siku hizi ni kama milimita 28 hadi 30, ila chupa ya zamani ina kipimo chake yenyewe. Fundi atachukua nondo, ataipasha na kuikunja nusu duara mbili juu ya kipande cha bomba chenye kipenyo hicho, halafu atazibapaza kwa ndani ili zikae sawasawa kwenye kioo. Mikono iwe mirefu, angalau sentimita 40, kwa maana joto hupanda. Nusu duara zisiwe nyembamba mno, kwani chuma chembamba hupoa kabla kioo hakijashika moto. Na tafadhali msikubali chuma kilichopakwa zinki, kama bomba la maji, wala kilichopakwa rangi. Zinki ikiungua hutoa moshi unaodhuru mapafu.

Jiko la mkaa linatosha, hata la gesi. Weka jiko kivulini, kwa sababu kwenye jua la mchana hutauona wekundu wa chuma na utadhani bado. Kikiwa chekundu pande zote mbili kwa usawa, ndipo ubane. Kabla ya siku yenyewe jaribuni kwa chupa tupu. Za mvinyo wa Dodoma hazikosekani katika mgahawa wenu.

Mwonja wa Mbezi Beach

Kwa heshima zote kwa mama na kwa fundi, mimi naona chuma chekundu katikati ya wajukuu ni hatari isiyo ya lazima. Kuna kizibuo cha ncha mbili bapa, ambazo huteremshwa kwa kuyumbishwa kati ya kizibo na kioo, na kuna aina inayounganisha ncha hizo na skrubu ya katikati, ili kizibo kishikwe kwa ndani na kwa nje kwa pamoja. Kwa chupa za miaka 30 au 40 chombo hicho kimenitosha mara nyingi. Kumeguka kwa juu si dalili kwamba kizibo chote kimeoza, kwa kuwa nusu ya chini iliyogusana na mvinyo mara nyingi huwa ingali imara.

Mama wa Kinondoni

Ndugu yangu wa Mbezi, chombo hicho nakiheshimu, na kama shingo ingekuwa imenyooka ningekubaliana nawe. Tatizo ni kwamba uamuzi hufanywa mara moja. Ukianza na ncha mbili, kizibo kikazama au kikasagika, chembe zitakuwa zimeshaingia kwenye mvinyo na koleo halitakuwa na la kuokoa. Kwa hiyo mhudumu aimulike shingo kwa tochi kwanza. Ikiwa imevimba, mimi nashika koleo bila kusita. Kuhusu wajukuu, meza ya kazi iwe kando, watu wakae mbali, na mfunguaji avae glavu za ngozi na miwani ya kinga.

Mhudumu wa Masaki

Shikamoo mama, nanyi nyote nawashukuru. Nimeimulika shingo, na imevimba kama ulivyosema. Naomba unieleze hatua za mwisho. Na je, kuna namna ya kumthibitishia mzee kwamba kweli ni mvinyo wa mwaka 1963?

Mama wa Kinondoni

Marahaba, mwanangu. Bana shingo chini kidogo ya mwisho wa kizibo, hapo pasipo na uvimbe, ukihakikisha mvinyo uko chini ya pale. Shikilia kwa utulivu kati ya nusu dakika na dakika moja, bila kuzungusha wala kuvuta. Ondoa koleo uliweke juu ya jiwe, kisha zungushia shingo kitambaa kilicholoweshwa maji ya barafu. Utasikia mlio mdogo. Ishike sehemu ya juu kwa kitambaa hichohicho na uinyanyue. Isipoachia, usiivunje kwa nguvu, rudia kupasha. Pangusa ukingo kwa kitambaa kibichi, halafu mimina kupitia kitambaa safi cha melimeli kwenda kwenye jagi la kioo, polepole na kwa mkono mmoja usioyumba, na usimame mara tu mashapo yanapofika begani. Kitambaa kitasaidia kuzuia chembe za kioo, japo mkato mzuri hauachi chembe.

Mweleze mzee mapema, kwa adabu, kwamba mvinyo huu hupenda ghala lenye nyuzi 12 hadi 15, wala si joto letu, na kushuka kwa kiwango chake kunaonyesha kuwa umepitia mengi. Huenda utamu umebaki na harufu imefifia. Unyweni siku hiyohiyo, kwa maana mvinyo wa umri huo hauvumilii hewa kwa muda mrefu.

Kuhusu mwaka, koleo lina faida ambayo kizibuo hakina. Watengenezaji huchapa jina lao na mwaka wa mavuno ubavuni mwa kizibo, kwa kuwa lebo huharibika ghalani. Kipande cha shingo kitakapotoka, kizibo kitakuwa kizima ndani yake. Kioshe, kikaushe, kiinue kwenye mwanga, na mzee ataweza kuisoma tarakimu mwenyewe kupitia kioo.