Mliowahi kupewa kazi ya kujibu maswali ya wageni kwenye makundi, njooni tupeane uzoefu

Kipanga: Wakuu, habari za jioni. Nimeteuliwa na wenzangu wanne tupokee wageni kwenye kundi letu la wafugaji wa kuku. Mafunzo yenyewe admini katupigia simu ya pamoja dakika ishirini, kasema "muwe na lugha nzuri", bando likamkatikia. Jana mgeni wa kwanza kaniuliza, "Chanjo bei gani?" Nimekaa nusu saa naitazama simu. Chanjo ipi? Kuku wangapi? Yuko wapi? Waliopita njia hii naomba uzoefu.

Mtoro wa Pugu: Mwambie apandishe juu atafute, hilo limejibiwa mara mia. Kazi imeisha.

Dada wa Ruwi: "Atafute juu" ndiyo inayofukuza watu. Mimi niko Muscat, tuna kundi la wadada wa kazi za ndani. Mgeni hajui hata atafute neno gani. Swali lake linaingia saa sita usiku, sauti ya kunong'ona, maana ndiyo saa anayopata simu. Ukimjibu asubuhi simu imeshazimwa mpaka usiku mwingine. Sisi hatukufundishana lugha nzuri, tulipangana zamu. Wa zamu ya usiku halali.

Mtoro wa Pugu: Kuku na wadada wa kazi wapi na wapi?

Dada wa Ruwi: Wewe kaa na kuku wako.

Kalamu Huru: Mimi ni mhariri wa kujitolea Wikipedia ya Kiswahili. Mgeni mmoja aliandika swali lake katikati kabisa ya makala ya Mlima Kilimanjaro: "Samahani, picha naiwekaje?" Nikalifuta papo hapo, nikaendelea na yangu. Baadaye ndiyo nikajiuliza, angeandika wapi? Kuna ukurasa wa majadiliano, kuna ukurasa wa jumuia, kuna kusaini kwa vile viwimbi vinne (~~~~), nani alimwambia? Hakurudi tena. Wenzetu wa Kiingereza walifungua kijiwe cha maswali mwaka 2012, wakakiita Teahouse, na wana ukurasa wa siku nyingi unaowasihi wazoefu wasiwaume wageni. Mimi niliuma.

Njeri wa Thika: Aki hiyo ya picha imeniua 😂 Hata mimi nilianza hivyo hivyo.

MamaVifaranga: Kipanga mwanangu, umenikumbusha jambo ambalo huwa sipendi kulisema. Mwaka wa pili nikiwa mjibu maswali tuliandikiwa majibu tayari. Mgeni akiuliza ratiba ya chanjo, unanakili, unabandika. Siku ya saba kideri, siku ya kumi na nne gumboro, na kuendelea. Nilijivunia, nilikuwa najibu watu thelathini huku nasonga ugali.

Akaja kijana, vifaranga mia mbili, fedha ya mkopo wa kikoba. Kauliza, "Mama, chanjo ya kideri ya kwenye maji natumiaje?" Nikambandikia: wanyime maji kwa muda wa saa moja hadi mbili, changanya, hakikisha wanayamaliza ndani ya saa mbili. Yote sahihi. Akashukuru, akaweka mikono ya sala.

Baada ya wiki kama tatu kideri kikaingia mtaani kwao. Akanitumia video. Shingo zimepinda, wengine wanazunguka pale pale kama waliofungwa kamba, kinyesi cha kijani. Ananiambia, "Mama, si nilichanja?" Wamebaki kumi na tisa. Ndipo nikamuuliza kwa mara ya kwanza: maji ulitoa wapi? Ya bomba, mama, nilikinga asubuhi ile ile. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo hai. Ni kama aliwanywesha maji matupu. Angetumia ya mvua au ya kisima, au angetia maziwa ya unga yasiyo na mafuta kabla ya chanjo, huenda ingekuwa habari nyingine. Jibu nililombandikia halikuwa na neno maji ya wapi, na mimi sikumuuliza.

Tangu siku hiyo simjibu mgeni kabla sijamuuliza mambo matatu: wana siku ngapi, maji ya wapi, chanjo umeibeba na barafu? Wananiita Mama Maswali, na waniite.

Njeri wa Thika: Woi. Pole sana mama.

Mtoro wa Pugu: Kijana mkopo alilipaje?

Fundi Simu: Sasa hapo kosa la mjibu liko wapi? Kopo lina maelekezo. Mtu mzima asome.

MamaVifaranga: Maelekezo ni maandishi ya mchwa, tena Kiingereza. Wewe ulisoma ya friji yako?

Fundi Simu: Sina friji.

Kalamu Huru: Ila mama, majibu tayari nayatetea. Bila hayo mjitoleaji anachoka ndani ya mwezi, anaanza kuwa mkali kama Mtoro. Tatizo yanaanza na jibu. Yaanze na swali.

Mtoro wa Pugu: Mimi si mkali, nina haraka.

Dada wa Ruwi: Sisi anayeingia zamu kwanza anakaa wiki mbili kimya, anasoma tu wenzake wanavyojibu.

Fundi Simu: Wiki mbili kimya? Mtupeni tu kwenye maji, ataogelea.

Mtoro wa Pugu: Mama hujajibu, mkopo alilipaje?

MamaVifaranga: Tulichanga. Kidogo. Tuachie hapo.

Kipanga: Wakuu uzi wangu umegeuka matanga ya kuku 😅 Mimi niliuliza namna ya kupokea wageni.

mpya_2: Samahani wakubwa mimi ni mgeni humu. Vifaranga wangu wamejikunja pembeni wanasinzia. Niwape nini?

Fundi Simu: Antibayotiki haraka.

Mtoro wa Pugu: Hiyo ni koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Dawa zipo duka lolote la pembejeo.

MamaVifaranga: Ngojeni ninyi! Mwanangu karibu. Wana siku ngapi? Na joto unawapa kwa kutumia nini, taa au jiko?

mpya_2: Siku ya nne leo shikamoo mama. Taa. Umeme umekatika tangu jana jioni.