Waliowahi kufukuza mafumbo ya Satoshi, tupeane uzoefu

Kiguzo

Wakuu, habari za usiku huu. Naanza kwa kukiri. Mwaka 2021 nilikaa wiki tatu sina habari na mke wala kazi, natafuta maana ya tarehe ya kuzaliwa ya mtu ambaye hakuna ajuaye kama yupo.

Kisa mnakijua. Satoshi Nakamoto, jina alilotumia mbuni wa pesa ya kidijitali ya Bitcoin, alitoa waraka wake wa kurasa 9 wa kuieleza tarehe 31 Oktoba 2008, akawasha mtandao wa Bitcoin Januari 2009, akaandika hadharani mara ya mwisho Desemba 2010. Baada ya hapo barua pepe chache mpaka Aprili 2011, halafu kimya. Ila kwenye wasifu wake pale kwenye tovuti ya P2P Foundation alijaza kwamba kazaliwa 5 Aprili 1975. Wengi wanapita tu. Mimi nikang'ang'ana. Tarehe 5 Aprili 1933 ndiyo siku Rais Roosevelt wa Marekani alipotia saini amri namba 6102, ya kuwataka wananchi wasalimishe dhahabu yao kwa serikali. Zuio lile likaja kuondolewa siku ya mwisho ya 1974, kwa hiyo 1975 ndio mwaka wa kwanza Mmarekani anaweka dhahabu yake nyumbani bila kuvunja sheria. Siku ya kunyang'anywa, mwaka wa kurudishiwa. Nywele zilinisimama.

Baadaye nikajua wenzangu walishaliona miaka mingi kabla yangu, ila wakati huo sikujali. Kichwani nilishakata shauri: kama tarehe ni fumbo, basi kila kitu ni fumbo. Nikahesabu herufi za waraka ule. Ile anwani ya kwanza kabisa ya Bitcoin (anwani ni kama namba ya akaunti), inayoanza na 1A1zP1, nikaisoma kinyumenyume. Nikajumlisha 6102 na 1975, nikapata 8077. Nikakaa nayo siku mbili kama mtu aliyeachiwa mtoto stendi na mama asiyemjua.

Uzi huu si wa kubishana Satoshi ni nani. Mahakama Kuu ya London ilishahangaika na hilo, na Machi 2024 ikasema Craig Wright, yule aliyejidai ndiye, siye. Tuliache. Nataka aliyewahi kufukuza fumbo aseme alianzia wapi, alifika wapi, limemgharimu nini. Msimamo wangu ni kwamba jamaa aliacha fumbo moja tu, tena kaliweka mezani. Mengine ni nyayo zake, sisi tunazisoma kama barua. Anayepinga aje na kisa.

Bwana Nodi

Nadhani fumbo unalolisema ni lile la bloku ya kwanza, yaani fungu la kwanza la miamala ya Bitcoin, kwa hiyo nianzie hapo. Nilishusha mnyororo wote wa bloku, yaani daftari zima la miamala, kwenye kompyuta yangu kwa bando la usiku, ilinichukua karibu miezi miwili. Nilichotaka kuona kwa macho yangu ni kitu kimoja. Nikafungua faili la kwanza kwa programu inayoonyesha baiti zenyewe, nikashuka kidogo, nikakuta maneno ya Kiingereza katikati ya takataka: kichwa cha habari cha gazeti la The Times la Jumamosi, 3 Januari 2009, kwamba Waziri wa Fedha wa Uingereza yu karibu kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Nilikuwa nakijua kwa kusoma kwenye makala mia. Kukikuta ndani ya diski yako mwenyewe ni kitu kingine, niwaambie ukweli.

Muhuri wa saa wa bloku ile, kwa saa zetu, ni saa tatu na robo usiku. Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Heshi yake, ile namba ya utambulisho ambayo mashine huitafuta kwa kubahatisha, inaanza na sifuri 10, na kwa ugumu wa siku ile 8 zilitosha. Bahati ya namna hiyo ni moja kati ya 256. Halafu bloku ya pili kutokea inasoma tarehe 9 Januari. Yaani siku sita katikati. Nikamwambia mchungaji wangu, akafurahi kuliko mimi! Jumapili iliyofuata nikasikia habari za Satoshi madhabahuni, nikatamani ardhi ipasuke.

Leo naona hivi. Kichwa cha habari kina kazi mbili: ni kejeli kwa mabenki, na ni ushahidi kwamba hakuchimba, yaani hakutengeneza bloku, kabla ya siku hiyo. Sifuri mbili za ziada huenda aliiacha mashine iendelee kutafuta. Au ni bahati tu, maana moja kati ya 256 siyo muujiza, hata mabasi mawili ya njia moja hufuatana.

Dogo wa Makumbusho

Mimi ni mfupi. Nilisoma msimbo wa zamani kabisa wa Bitcoin nikakuta vipande vya mchezo wa karata, poka, havijakamilika. Nikawaambia washkaji nimepata mlango wa siri. Kumbe watu wanajua siku zote, jamaa alikuwa anajaribu vitu, akaviacha. Pamoja na karata kulikuwa na kipande cha soko la mtandaoni. Ningepata mlango ningekuwa nawaandikia kutoka kwenye kochi la nani saa hizi?

Mkamba wa Rongai

Kiguzo, wewe wiki tatu. Mimi miezi minne na tokeni za stima ambazo sitawahi kumwambia mtu hesabu yake.

Januari 2015 mtu asiyejulikana alituma muamala mmoja uliogawanya Bitcoin 32.896 kwa anwani 256. Anwani ya kwanza akatia 0.001, ya pili 0.002, hivyo hivyo hadi 0.256. Jumlisheni, zinatoka sawasawa. Ufunguo wa siri wa kila anwani, yaani namba inayokuruhusu kutumia pesa zake, ni mrefu kwa biti moja kuliko wa iliyotangulia, kwa hivyo za mwanzo hata mtoto anazifungua. Wengi walisema ni Satoshi karudi. Hakuna ushahidi wowote, lakini mimi nani nikatae?

Funguo za mwanzo zikaorodheshwa: 1, 3, 7. Nikasema hii rahisi, zidisha kwa mbili ongeza moja, inayofuata ni 15. Ikawa 8. Sawa, 8 na 21 ni za Fibonacci. Halafu 49, ambayo ni saba mara saba. Halafu 76. Halafu 224, 467, 514. Nilijaza nyuma ya kalenda nzima ya duka la mbegu. Kila usiku nilikuwa nimebakisha kidogo tu. Mke wangu alipogeuza kalenda kuangalia tarehe ya ada ya shule, alinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha.

Baada ya miezi minne nikasoma kitu ambacho kilikuwa wazi tangu 2017: mwenye fumbo mwenyewe aliandika kwamba hakuna mpangilio. Alichukua funguo zinazofuatana kutoka pochi moja (programu ya kutunzia funguo), akazikata mwanzo ili kupima ugumu. Basi. Ni kipimo cha nguvu ya mashine za dunia, si kitendawili.

Nikasema kama ni nguvu, nitumie nguvu. Nikanunua kadi ya michoro ya mtumba, ikawa inajaribu funguo kama milioni 100 kwa sekunde. Nikalenga anwani ya 66. Chukua kalamu upige hesabu: kuimaliza yote ningehitaji zaidi ya miaka 11,000. Zawadi ilishaongezwa mara kumi kabla ya hapo, na mwaka 2023 ikaongezwa mara kumi tena, nikapata wazimu upya. Septemba 2024 mtu akaufungua huo wa 66, Bitcoin 6.6. Si mimi.

Na kwa wale bado wamo, sikizeni hili moja. Hata ukiupata ufunguo, ukituma muamala kwa njia ya kawaida ufunguo wa umma, yaani jozi ya ule wa siri, unaonekana na kila mtu kabla bloku haijafungwa. Kwa ufunguo mfupi hivyo, mwenye mashine nzuri anaweza kuukokotoa wa siri kwa muda mfupi sana, akatuma muamala wake kwa ada kubwa kuliko yako. Unafungua kufuli, mwizi anaingia kabla yako.

Bi Piko

Asalaam aleikum. Mimi ni mchora hina, Unguja, msinione nimepotea njia. Kaka yangu ndiye aliyeniletea picha. Ni mchoro uliotolewa 2015 na msanii ajulikanaye mtandaoni kwa jina la coin_artist, una ndimi za moto pembezoni, na ndani yake mmefichwa ufunguo wa Bitcoin 4.87. Ulikuwa katika mfululizo aliouita kwa jina la Satoshi. Kaka alikuwa anautazama katikati. Kila anayetafuta hazina anatazama katikati.

Mimi nikamwambia tazama pindo. Mkono wa mchoraji unapojaza pindo huwa unachoka na kurudia. Hii mioto hairudii kama mkono uliochoka, inarudia kama mtu anayehesabu. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mnene, mmoja mwembamba, rangi za nje na za ndani zinabadilishana. Nikamwandikia kwenye daftari la hesabu za maharusi. Tulifika hapo tu, maana yeye hakujua kuzigeuza kuwa herufi na mimi nilikuwa na harusi tatu wiki ile.

Mwaka 2018 likafumbuliwa. Ufunguo ulikuwa kwenye ndimi za moto. Kaka hakula siku hiyo. Mimi nilikula.

Tofauti yake na ya Satoshi, kwa maoni yangu, ni kuwa yule alisema: nimeficha, tafuteni. Satoshi hakuwahi kusema.

Fundi Laptopu

Aprili 2023 ilivuma kwamba ndani ya kompyuta za Apple kuna nakala ya waraka wa Satoshi, imejificha kwenye programu ya skana, faili linaitwa simpledoc.pdf. Lilikuwemo tangu toleo la Mojave la 2018. Siku hiyo mezani nilikuwa na Mac tatu za wateja. Nikafungua ya kwanza, limo. Ya pili, limo. Ya tatu ilikuwa ya zamani, halimo, nikajikuta nasikitika kwa niaba ya mteja.

Kosa langu ni kumwambia mwenye ile ya pili. Akakataa kulipa kioo hadi nimwonyeshe pesa zilizofichwa ndani. Nilimweleza nusu saa kwamba ni karatasi tu, labda mhandisi mmoja alihitaji faili la majaribio akachukua lililokuwa karibu. Akaondoka anaamini nimezikomba. Mpaka leo akipita ananiangalia viatu.

Mtoto wa Nyamagana

Nyie mmepoteza muda. Mimi nilipoteza pesa, na nitasema kwa kifupi kwa sababu bado inauma. Kundi moja la mtandaoni lilisambaza “fumbo la mwisho la Satoshi”. Lilikuwa zuri, msidhani ni la kijinga. Lilianza na ile 5 Aprili, likaenda kwenye kichwa cha The Times, kila hatua unajibu na unaambiwa umepatia. Hatua ya saba inakuomba uingize maneno 12 ya pochi yako, yale ambayo mwenye nayo anaifungua, “kuthibitisha wewe ni binadamu”. Kufika hapo nilishajiona mimi na Satoshi ni marafiki. Nikaingiza.

Kujibu hatua sita kwa usahihi ndiko kulikonimaliza. Aliyelitengeneza alijua mtu aliyesifiwa mara sita hakatai ya saba.

Kiguzo

Pole sana ndugu yangu. Kwa wengine: maneno 12 hayaombwi na fumbo lolote halali, hata liwe la malaika.

Mswahili wa Muscat

Nina kisa kisicho na hasara. Zamu za usiku ni ndefu, nikaanza kusoma maandishi ambayo watu wameyaficha ndani ya mnyororo kwa kutengeneza anwani za uongo. Nikakutana na kumbukumbu ya Nelson Mandela, picha na maneno yake, vimewekwa humo. Na waraka wenyewe wa Satoshi umo, uligawanywa vipande vipande ukawekwa kwenye muamala mmoja wa 2013. Hakuna kati ya hivyo kinachodaiwa kuwekwa humo na Satoshi. Watu wengine ndio wanaandika ukutani kwake.

Jambo la nyayo alilosema Kiguzo naliunga mkono. Mtafiti Sergio Lerner mwaka 2013 alionyesha kuwa mchimbaji mmoja wa mwanzo, wengi wanaamini ndiye, alijilimbikizia karibu Bitcoin milioni moja. Alimtambua kwa alama ambazo mashine yake iliacha, mojawapo baiti moja ambayo thamani zake ni 0 hadi 9 na 19 hadi 58 tu. Nami nikahesabu: 10 na 40, jumla 50. Zawadi ya bloku ilikuwa Bitcoin 50! Nilishuka kitandani. Kumbe huenda aligawa tu kazi kwa mafungu ya kumi kumi. Lakini zile dakika ishirini kabla sijafikiri zilikuwa tamu, siwafichi.

Bwana Nodi

Na mimi niseme la mwisho. Niliwahi kutuma vijisenti kwenye ile anwani ya kwanza, kama mtu anavyotia sarafu kisimani. Zile 50 za bloku ya kwanza haziwezi kutumika kabisa, lakini watu wanaendelea kutuma juu yake. Januari 2024 kuna aliyetuma karibu Bitcoin 27 kwa mkupuo, thamani zaidi ya dola milioni moja, bila maelezo. Kama yupo anayesoma hapa, tafadhali nitumie na mimi, mimi najibu meseji.

Bi Piko

Nyie wanaume mnasahau desturi. Kitendawili kikiwashinda, mtegaji hupewa mji, ndipo anajibu. Nani kampa Satoshi mji?

Dogo wa Makumbusho

Nampa Dodoma.

Mkamba wa Rongai

Nampa Machakos pamoja na maembe yake.

Mswahili wa Muscat

Nampa Muscat, ila aje wakati wa baridi.

Fundi Laptopu

Mpeni Kariakoo, atoe jibu leo leo, kuna mteja hapa anasubiri.