Tairi za trekta: mchanga wa Kigamboni na majaruba ya Ruvu

Swali: Wakuu, trekta HP 50 (nguvu farasi 50), 4WD (magurudumu yote manne yanavuta), inalima mchanga Kigamboni, masika inaingia majaruba ya Ruvu. Seti moja ya tairi itatosha?

Jibu: Hapana mkuu. Majarubani funga R2, yaani tairi za matope; kashata zake (meno ya mpira yanayong'ata ardhi) ndefu. R1, tairi za kawaida za shamba, hujaa tope katikati ya kashata, ikawa duara laini, inazunguka palepale. Ila usitembeze R2 kwenye lami, inalika upesi mno. Mchangani R1 pana, upepo wa chini kabisa unaoruhusiwa na jedwali la mtengenezaji; ukizidisha inachimba shimo.

Jibu: Ukisimama mbele ya trekta, kashata zisomeke V. Zikigeuzwa hazitemi tope.

Jibu: Usibadili saizi ya mbele peke yake, utaua gia, maana kwenye 4WD za mbele na za nyuma zimeunganishwa na gia zizunguke kwa uwiano.