Tupeane uzoefu: mipamu ya getini, hadhi yake na gharama zake

Wakuu, habari za wikiendi. Huku kwetu Tegeta mtu akimaliza ukuta na geti, kinachofuata ni mipamu, ile miti ya mapambo jamii ya mnazi, miwili kushoto, miwili kulia. Hapo nyumba inahesabika imekamilika, hata kama ndani sakafu bado. Siwashangai, mti ule una heshima: ile mirefu yenye shina la kijivu kama nguzo ya zege ndiyo mti wa taifa wa Cuba, na umo kwenye nembo yao. Ila muuza miche hasemi yanayofuata, ndiyo maana naomba tuyaseme sisi.

Yangu niliikuta imepandwa na aliyeniuzia nyumba. Kuti likikauka linaanguka lenyewe, pamoja na ganda lake lote linalokumbatia shina. Ni refu kuliko mtu na zito. La jirani lilivunja kioo cha gari. Kwa hiyo mbele ya nyumba hatuegeshi, watoto hawachezi, na kivuli cha maana hakuna. Mwembe usingenifanyia hivi. Wenzangu mnaishi nayo vipi?

Mwana wa Kilifi: Kaka, huku adui ni chonga, yule mdudu mwenye pembe. Anatoboa kileleni, kuti likifunguka unaliona limekatwa pembetatu. Mpamu ni sawa na mnazi, una kilele kimoja tu. Kikioza, basi, hauchipui pembeni. Mzee wangu huwa anamchokoa kwa waya wenye ncha ya ndoano. Pia ondoa malundo ya samadi na magogo yaliyooza, humo ndimo anakotagia.

Bi Mkubwa wa Muscat: Sisi tuna fukusi mwekundu kwenye mitende. Funza wake wanakula shina kwa ndani. Ukija kuona makuti ya juu yamelegea, mti umeshaliwa, unakatwa na kuteketezwa wasihamie kwa jirani.

Fundi bustani: Wateja wangu hutaka makuti yapunguzwe hadi yabaki machache juu, eti unapendeza. Msikubali, makuti mabichi ndiyo yanaulisha mti. Na anayepanda kwa viatu vya misumari mkatalieni: tundu kwenye shina la mpamu halizibi maisha yake yote, na magonjwa huingilia hapo. Atumie ngazi, hata kama bei yake ni kubwa. Kwa kiwanja kidogo pandeni ile inayotoka kwa kichaka, asili yake Madagaska. Makuti yake mepesi, unayafikia kwa mkono.

Mwana wa Kilifi: Hiyo ya kichaka miche inapatikana kwa bei gani huko Dar?